Siku Somoe Alipoitwa Mama Sabra

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, na mvua ya kutishia tu. Wauzaji wa mtaani kwetu wamefunika bidhaa kwa turubai, wakafunua, wakafunika tena, mwisho wakachoka wakaziacha zilivyo. Mimi nimerudi nyumbani miguu inauma, lakini kichwa kimechangamka na hakitaki kutulia. Ndiyo maana naandika.

Jumamosi natakiwa kusoma hadithi yangu mbele ya watu, kwenye ukumbi wa shule. Ni ukurasa mmoja tu. Tatizo ni kwamba ndani ya ukurasa huo yumo mama yangu, na yumo mwanamke aliyekuwa rafiki yake, na huenda wote wawili wakawepo. Mpaka juzi niliiona ni hadithi nzuri. Leo sijui kama ni hadithi, au ni njia ya kuwagombanisha zaidi watu ambao tayari hawasemezani.

Nianze na darasani, maana huko ndiko yalikoanzia.

Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Tangu kidato cha kwanza tumefundishwa kuchambua hadithi kwa fani na maudhui. Nikipewa kitabu chochote mkono unaenda wenyewe: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, halafu muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Naipenda kazi hiyo, sitasema uongo. Ina utulivu kama wa kupanga vyombo kabatini.

Mwezi huu mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Upendo, akatuandikia ubaoni hadithi aliyoitunga mwenyewe, na kabati langu likakosa pa kuiweka. Nainakili yote hapa:

"Hawa alikuja kurudisha bakuli. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Ndani halikuwa na kitu. Mwenye bakuli alilipokea kwa mikono miwili. 'Ahsante,' alisema. 'Karibu ndani.' 'Nina haraka,' alisema Hawa. Hakuwa na haraka."

Basi. Madam akaweka chaki chini, akafuta mikono, akatuangalia.

Tulingoja iendelee. Haikuendelea. Mmoja wetu akanyoosha mkono akauliza dhamira iko wapi. Jirani yangu wa dawati, Tausi, ambaye hapitishi kipindi bila kuchekesha watu, akasema yeye haoni mgogoro wowote hapo, "vyuma vimekaza tu, Madam, hakuwa na cha kutia." Darasa zima likacheka. Madam naye alicheka. Kisha akauliza swali moja: ni nani kati yetu ambaye mama yake angerudisha bakuli la jirani likiwa tupu?

Tuliangaliana.

Hakuna. Kwetu sisi bakuli la jirani halirudi tupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, utatia ndimu mbili, utatia kiganja cha chumvi, utatia hata vitumbua vilivyobaki asubuhi. Waliotoka kusini wanafanya hivyo, waliotoka Kilimanjaro wanafanya hivyo, na aliyezaliwa hapa Ilala anafanya hivyo. Kwa hiyo bakuli lililooshwa likang'aa na kurudi bila kitu ni neno zito kuliko tusi. Hawa alikuwa amekuja kuvunja urafiki, na alikuja na ushahidi mkononi.

Mgogoro ulikuwepo muda wote. Ulikuwa ndani ya bakuli.

Madam akasema hadithi ndefu ni mgeni aliyekuja na begi, utamjua taratibu. Hii ni mgeni wa mlangoni. Hakai, lakini neno lake ameshalisema. Akatuonyesha namna linavyosemwa. Kuna kitu kimoja kinachobeba uzito wote, ili mwandishi asiueleze. Kuna maneno ya adabu, ahsante na karibu, yanayofanya kazi chafu wakati yamevaa nguo safi. Na kuna yale ambayo hayapo kabisa. Hatujui Hawa ameudhiwa na nini. Hatutajua. Lakini tunamwamini.

Halafu akatuambia tukate sentensi moja. Ipi?

Mimi nilisema tusikate yoyote, na hasa ile ya mwisho, "Hakuwa na haraka", kwa sababu ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Madam akachukua kifutio akaifuta hiyo hiyo. Niliumia kidogo, kama nimeporwa. Nikaisoma hadithi upya ikiishia kwenye "Nina haraka". Ilikuwa kali zaidi. Madam akasema msomaji alishajua, na ukimwambia mtu jambo alilokwisha kulijua unamfanya mtoto.

Nimekuwa nikiliwaza hilo kila ninapofua, kila ninapopanga foleni ya maji. Ni mambo mangapi yanayonizunguka ambayo yameshasemwa, nami nangoja yaelezwe?

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuandika hadithi isiyozidi ukurasa, kuhusu uhusiano wa wanawake wawili wa siku hizi. Madam akaweka sharti: asiingie mwanamume wa kugombaniwa. Tausi akalalamika kwamba sasa watagombania nini. Madam akamjibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe.

Nilikuwa nao wawili tayari. Nimekua nikiwatazama.

Majina yote humu nimeyabadilisha, jambo ambalo ni la ajabu kidogo kwa habari inayohusu jina, lakini ndivyo inavyofaa. Mama yangu ni fundi cherehani, mtu wa Lindi. Miaka yote niliyomjua alikuwa akishona kwenye baraza ya duka la vitenge Kariakoo. Duka ni la Mama Glory, Mchaga wa Rombo, ambaye mimi namwita mama mkubwa ingawa hatuna damu moja. Mteja anaingia ndani kununua kitambaa, anatoka nje kupimwa. Watu walidhani ni duka moja lenye vyumba viwili.

Walikutana mjini wakiwa wasichana. Mmoja alikuwa akitembeza vitenge begani, mwingine akikunja pindo za mapazia kwa mkono kwa sababu hakuwa na mashine. Walijuana kabla mimi na Glory hatujazaliwa, kwa hiyo hawakuwahi kupata sababu ya kuitana kwa majina yetu.

Hilo nimelielewa juzi juzi tu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda likizo. Baba anamwita mama yangu Mama Sabra. Majirani, Mama Sabra. Wateja, fundi. Bibi akipiga simu kutoka Lindi anasema mwanangu. Mjini kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyemwita Somoe, na alikuwa akimwita kutoka ndani ya duka, kwa sauti ya kupita juu ya honi na spika za nje: Somoe, chai imefika. Somoe, njoo uone rangi hii. Na mama anajibu, Ndeshi, niache, nina shingo ya gauni hapa.

Kama umri wa kwenda shule nilikuwa nao au bado, sikumbuki, lakini nakumbuka nilishangaa kwamba mama ana jina.

Halafu mwaka huu, siku moja jioni, mama alirudi na cherehani chake juu ya mkokoteni. Alisema amehama. Siku hizi anakaa karibu na soko la Mchikichini, anabana viuno vya magauni ya mitumba na kupunguza urefu wa suruali. Yeye, ambaye maharusi walikuwa wanamfuata kutoka Kigamboni kwa ajili ya mishono yake ya mikono. Halalamiki. Kazi ni kazi, anasema. Lakini zamani akimaliza nguo alikuwa anaitundika na kurudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, na hizo suruali hazitazami.

Nilimuuliza kulitokea nini. Akasema hakuna kilichotokea. Glory, ambaye yuko mkondo mwingine hapa hapa shuleni, alimuuliza mama yake naye akapewa jibu hilo hilo. Mimi na Glory bado tunasalimiana vizuri, ila tunaona aibu kidogo, kama watoto wa nchi mbili zilizofunga mpaka.

Hakuna kilichotokea. Nilipoisikia sentensi hiyo tena kichwani, baada ya somo la bakuli, nilikaa kitako. Hadithi za Madam zote ziko hivyo. Mtu akikuuliza zinahusu nini utamwambia hakuna kilichotokea.

Nikaanza kutafuta bakuli langu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliandika kurasa mbili, nikaeleza urafiki, nikaeleza tabia za kila mmoja, nikaweka methali, nikafunga kwa kusema kuishi na watu kunahitaji subira. Madam alipiga mstari mwekundu katikati ya ukurasa wa kwanza, kwenye sentensi ambayo nilikuwa nimeipitia haraka haraka nikielekea kwenye mambo niliyoyaona makubwa. Pembeni akaandika: Umemalizia hapa. Hukujua?

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Siku hiyo alimwita Mama Sabra.

Nilikuwepo siku hiyo. Ilikuwa likizo, nimekaa miguuni pa mama nashonea vifungo. Sauti ikatoka ndani: Mama Sabra, kuna mteja. Mimi niliinua kichwa kwa sababu nilisikia jina langu. Mama alisimamisha mguu kwenye pedeli. Sikuona ajabu yoyote. Kila mtu anamwita hivyo. Nikaendelea na vifungo vyangu.

Wiki chache baadaye ulikuja mkokoteni.

Kwa hiyo niliikata yote iliyofuata, nikabakiza hii, ambayo naiweka hapa kama nilivyompa Madam:

"Kila asubuhi sauti ilitoka ndani ya duka: 'Somoe, chai imefika.' Fundi alisimamisha mguu akaingia. Jumatatu moja sauti ilisema: 'Mama Sabra, kuna mteja.' Fundi alisimamisha mguu. Mteja aliwekewa kiti. Cherehani kilikaa kimya mpaka mteja akauliza kama kimeharibika."

Madam aliisoma mara mbili. Hakuandika kitu kwa wino mwekundu. Aliniambia nitasoma Jumamosi, na kwamba kanuni ni ile ile: ukimaliza kusoma unakaa, huelezi. Nilitoka ofisini nikiwa natembea kama nina viatu vipya.

Ndipo nikakumbuka kwamba wazazi wamealikwa. Na kwamba Glory anaimba kwaya siku hiyo hiyo, na mama yake hakosi Glory anapoimba.

Jana baada ya shule nilimfuata mama Mchikichini nikamsomea. Nilitaka ruhusa yake, na nikiwa mkweli, nilitaka pia anisifu. Alikuwa anafumua kiuno cha sketi. Hakuacha kufumua. Nilipofika mwisho alivuta uzi mwingine, na mwingine, hadi nikadhani hakusikia kwa kelele za watu.

Kisha akasema, "Hiyo si hadithi. Hapo umemsema Ndeshi."

Nilishtuka kwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ametamka Ndeshi, ambalo sikulisikia kinywani mwake tangu mkokoteni. La pili ni neno alilochagua. Kusema ni jambo jema, shuleni tunafundishwa kusema. Kumsema mtu ni kitu kingine kabisa. Ni kumteta akiwa hayupo. Herufi moja tu imeingia katikati, na msimuliaji amekuwa mmbea.

Nikajitetea. Nikasema hakuna baya lolote nililoliandika, kila kitu kilitokea, na mimi nilikuwepo. Mama akasema ndiyo, nilikuwepo, nimekaa miguuni pake. Ningekuwa nimekaa ndani ya duka ningeandika hivyo?

Akaongeza kwamba Jumamosi hata hivyo hatakuja, ana nguo za watu.

Usiku nililala na swali hilo. Madam ametufundisha kuhusu nafsi ya msimuliaji, na mimi kwenye mitihani ninaijibu vizuri: nafsi ya kwanza, nafsi ya tatu, faida zake na hasara zake. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali ulipokaa kimwili, kwenye kigoda, kwenye baraza, upande wa nje wa mlango, ni sehemu ya fani. Nilikuwa nimeacha mambo mengi nje ya hadithi nikajisifu kwamba ni ufupi. Mengine sikuyaacha. Sikuyajua.

Je, mtu anawezaje kuacha kitu ambacho hakuwa nacho?

Basi leo, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja, nilienda dukani.

Sikuwa nimefika tangu mama ahame. Barabara ilikuwa ile ile, wapagazi wanapiga mluzi wapishwe, kijana wa soksi ananiita bosi ingawa nimevaa sare ya shule. Niliangalia baraza. Nilitegemea kukuta fundi mwingine. Hakuna fundi. Pale pa mama pamesimamishwa sanamu ya kuonyeshea nguo, haina kichwa, imevikwa kitenge cha maua maua.

Mama Glory alikuwa ndani anakunja vitambaa. Nilimwamkia, shikamoo mama mkubwa, akaitika marahaba bila kuinua macho, kama anavyowaitikia watoto wote wa mtaani. Kisha akainua macho.

Hakuuliza nimefuata nini. Alinipa kigoda. Aliuliza habari za masomo, habari za baba, akasema Glory anamwambia mimi napata alama za juu kwenye Kiswahili, na yeye, huyo Glory, anaimba tu kama chiriku na hesabu hajui. Kila mtu aliulizwa isipokuwa mtu mmoja. Nilihesabu ukimya huo kama mwanafunzi mzuri wa Madam Upendo. Halafu nikaona aibu kumchambua mtu mzima aliyenikaribisha.

Nikatoa karatasi nikampa. Sikuwa na ujasiri wa kumsomea.

Aliisoma amesimama, karatasi imeshikwa mbali kwa sababu miwani ilikuwa kwenye meza. Aliposoma pale chai ilipofika, alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Alipofika mwisho, alirudi juu akaisoma tena. Mteja mmoja aliingia kuuliza bei ya kitenge cha waksi, akamjibu bila kumtazama, mteja akaondoka.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila umeanzia katikati, mwanangu. Mama yako ndiye aliyeanza."

Nikamwomba aniambie. Mwanzoni alikataa, akasema mambo ya watu wazima. Nikamweleza kuhusu Jumamosi, na jinsi mama alivyosema kwamba nimemsema. Hapo akanikatisha akauliza mama alisema hivyo, alisema nimemsema nani. Nikamjibu, alisema nimemsema Ndeshi.

Akakaa.

Alinisimulia huku anakunja kitenge kile kile mara tatu. Jumamosi moja, kabla ya Jumatatu ile, walikuja akina mama wa kamati ya harusi, wengi, wanataka sare. Wakamaliza kubishana naye bei ndani, wakatoka nje wakamwegemea mama yangu, wakamwambia, fundi, wewe ni mwenyeji hapa, tusaidie apunguze. Na mama yangu, bila kuacha kushona, akawaambia wakamuulize bosi, yeye ni fundi tu.

"Bosi," alisema Mama Glory. "Mimi. Somoe ananiita mimi bosi. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja Buguruni, mguu wangu usoni mwake. Nikasema haya, kama tumefika huko, basi na yeye ni Mama Sabra."

Hilo "bosi" alilitamka kama mtu aliyeitwa mwizi.

Nilitoka nimelibeba. Bosi! Hakuna neno jepesi kama hilo Kariakoo. Mpagazi anamwita mteja bosi, mteja anamwita muuzaji bosi, muuzaji anamwita askari bosi, na mimi nimeitwa hivyo na kijana wa soksi robo saa tu iliyopita. Halina uzito wowote. Na bado limetosha kuvunja kitu ambacho umaskini wao wa Buguruni haukukivunja, kwa sababu lilitoka kwa mtu pekee aliyekuwa na jina la kutumia badala yake.

Sasa nilikuwa na maneno mawili. Jumatatu ya hadithi yangu ilikuwa na Jumamosi nyuma yake, na mimi sikuwa kwenye baraza siku hiyo. Mama Glory alikuwa ameniambia jambo moja zaidi wakati naaga, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma dukani: nikiisoma mbele ya watu, niisome yote.

Lakini kuisoma yote ni kumwambia mama yangu, ukumbini, kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Sikuweza kumfanyia hivyo. Ilibidi asikie kwangu kwanza, na leo hii.

Nilimkuta anafunika cherehani kwa nailoni, maana matone yalikuwa yameanza. Nikamsaidia kufunga kamba. Nikamwambia nimetoka wapi. Mikono yake ikasimama juu ya fundo. Nikamwambia kila kitu, kamati ya harusi, sare, muulizeni bosi, mimi ni fundi tu. Sikupunguza wala sikuongeza.

"Nilisema hivyo?" aliuliza.

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeambiwa aliongea ndotoni. Akatazama barabarani. Watu walikuwa wanakimbilia chini ya mabati. Kisha nikaona amekumbuka, niliona usoni kabla hajasema.

Aliniambia, polepole, kwamba wale wanawake walikuwa wanamwita Ndeshi "we dada". We dada hiki bei gani, we dada shusha kile. Mtu ana duka lake, amelipata kwa jasho, wanamwita kama wanamwita mfanyakazi wa ndani. Yeye akiwa nje alikuwa anasikia, na inamuudhi. Kwa hiyo walipomjia alitaka wajue huyo wanayemdharau ndiye mwenye mali.

Alitaka kumpandisha. Ndivyo alivyosema. Alitaka wamheshimu.

Nilisimama pale na kamba mkononi. Niliona hadithi ikigeuka mara ya tatu. Neno moja lilitoka kwenye baraza likiwa heshima, likavuka mlango, likafika ndani likiwa tusi. Hakuna aliyeliona likibadilika njiani. Na mimi ninayejua kuorodhesha dhamira ningeandika nini hapo? Usaliti? Hapakuwa na usaliti. Wivu? Hapana. Hakuna kilichotokea, kama walivyosema wote wawili, na walikuwa wakweli.

Nilitegemea mama aulize kama Ndeshi bado ana hasira, au kama alitoa ujumbe wowote. Nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Aliuliza, "Amekonda?"

Nikasema kidogo. Nikasema shingoni hapa.

Akaitikia kwa kichwa. Tukabeba kigoda na mfuko wa vitambaa, tukarudi nyumbani, mvua sasa ikinyesha kweli. Alioga, akaswali Magharibi, akaanza kumenya viazi. Mimi nikafungua daftari la historia nikajifanya nasoma. Viazi vilikuwa karibu kwisha aliponiuliza, bila kugeuka, hiyo Jumamosi yetu inaanza saa ngapi.

Saa nne asubuhi, nilimjibu.

Akasema mhu. Akamenya kiazi cha mwisho nyembamba mno, kama anayekisikitikia.

Nimeiandika hadithi upya sasa hivi kabla ya kuandika haya. Imeongezeka mistari mitatu tu mwanzoni: akina mama wa sare, "we dada", na fundi anayesema muulizeni bosi. Sikueleza alilisema kwa moyo gani. Kwa mara ya kwanza ninaacha kitu nje nikiwa ninacho mkononi, na ninaona tofauti yake, ni kama kushika mlango ili mtu mwingine apite.

Naogopa. Je, wakikaa safu mbili tofauti? Je, mmoja akiinuka akatoka kabla sijafika kwenye chai? Madam hana jibu la hayo, wala fani na maudhui hazina.

Nitasoma taratibu, nitatamka "bosi" sawasawa na "Somoe", bila kuliegemea. Kisha nitakaa kama kanuni inavyosema. Kitakachofuata ukumbini hakimo kwenye ukurasa wangu. Ni chao wawili.